Nani Atatusomea Sera za Fedha?

Tuseme wazi jambo linalonong'onwa barazani. Wapo miongoni mwetu wanaowazuia vijana kusoma uchumi chuoni, hususan somo la sera za fedha, kwa hoja kwamba hiyo ni elimu ya riba. Kijana aliyepata nafasi ya masomo hutakiwa achague: ama dini yake, ama Benki Kuu.

Hoja hiyo ina sura ya uchamungu lakini haina fiqhi. Uharamu wa riba hauna mjadala; Suratul-Baqarah, aya ya 275 hadi 279, imekata shauri. Lakini kuijua riba si kuila, kama ambavyo tabibu anayesoma sumu hawi muuaji. Imamu Ghazali katika Ihya aliiweka tiba pamoja na hesabu katika faradhi za kutosheleza, na faradhi ya namna hiyo ikikosa wa kuitekeleza, dhima ni yetu sote.

Tutazame hapa Kasesya. Shilingi na kwacha hukutana katika mfuko mmoja kabla ya Adhuhuri. Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika kwacha yake. Mwaka 2015 kwacha ikaporomoka. Aliyeuza mahindi kwa mkopo ng'ambo ya mpaka kabla ya anguko hilo, akalipwa baadaye idadi ileile ya kwacha, je, amelipwa haki yake? Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alilitazama suala hili katika sarafu za shaba, akaelekea kwenye thamani, si idadi. Shekhe asiyejua kwa nini fedha hushuka atatoa fatwa gani hapa?

Wala elimu hii si ya kizungu. Al-Maqrizi, aliyepata kuwa muhtasib wa Cairo, alieleza mapema katika karne ya 15 jinsi wingi wa sarafu za shaba ulivyopandisha bei. Masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu zao wenyewe.

Lawama haiwahusu wazee wetu peke yao. Vyuoni riba hufundishwa kana kwamba ni mvua, haina mtu aliyeiamua. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kuongoza uchumi kwa kupima wingi wa fedha, ikashika riba kuwa usukani, ikianza na asilimia 5.5. Mwanafunzi Mwislamu anayekariri hayo ili afaulu mtihani tu, bila kuuliza kama kuna usukani mwingine, naye ametuangusha. Malaysia ilifungua soko lisilo na riba baina ya mabenki mwaka 1994. Kwetu Amana Bank ilianza mwaka 2011.

Wakati sisi tunabishana, mkulima wa Ufipa anauza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, na mama lishe anakamuliwa na mikopo ya kausha damu. Sharia imetupa bei ya salam: thamani ilipwe yote siku ya mkataba, aina, kipimo na tarehe ya kupokea vijulikane. Ni mlango halali wa kumpatia mkulima fedha kabla ya mavuno. Lakini bei ya haki ya gunia litakalopokelewa Julai haikadiriwi bila kujua mwendo wa shilingi, kwacha na mfumuko wa bei. Enyi mnaowarudisha vijana wetu kutoka chuoni, mkataba huo mtauandika ninyi?