Nadharia Mpya Haina Budi Kuikubali ya Kale
Mwanafunzi wa Newala ajua kuwa maji hayapandi yenyewe Uwanda wa Juu wa Makonde. Sharti yasukumwe kwa pampu, kuishinda kani ya uvutano iliyoelezwa na Newton mwaka 1687. Kani hiyo ndiyo iongozayo mwendo wa ulimwengu mzima. Kwa hiyo nadharia yoyote ya kwanta ya uvutano, hata ikieleza ulimwengu ulipokuwa mchanga mno, haina budi kutupatia tena milinganyo ya Friedmann ya mwaka 1922 ulimwengu ukishapanuka. Isipofanya hivyo ikataliwe, hata hisabati yake ipendeze vipi. Walimu wa Masasi na Newala tusifundishe, basi, kwamba Einstein alimfuta Newton. Alionyesha mipaka ya kanuni yake. Asiyefahamu hilo atadhani sayansi ni mitindo ipitayo.