Spesa hainunuliwi kwa jina la gari

NYUMA YA USUKANI
Na Salum Mbaruku

Ingia duka la spea Kariakoo, ulizia spesa za Subaru. Mara nyingi utawekewa mezani seti moja na kuambiwa ndizo hizo, lipa uende. Hakuna anayekuuliza kama Impreza yako ni WRX ya kawaida au STI, wala kama rimu ulizonazo ni za kiwandani. Jambo hili linanikera kwa dhati, kwa sababu kinachouzwa pale ni kipande cha alumini kitakachokaa kati ya habu na rimu ya gari lenye turbo, likipishana na mabasi barabara ya Chalinze.

Hamu ya vijana ya kufunga spesa naielewa. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza, na tangu hapo mapenzi ya gari hili Afrika Mashariki hayajapoa. Kiwandani tairi zake huwekwa ndani kidogo ya madigadi. STI ya 2005, kwa mfano, ilitoka na rimu za inchi 17 zenye ofseti ya 53, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu; ikipungua, tairi husogea nje. Anayetaka tairi zisogee nje ili gari lisimame vizuri hajakosea. Ila ajue kwanza gari alilonalo.

Miaka ya mwanzo ya 2000, WRX na STI zote zilikuwa na stadi tano kwenye duara la milimita 100. Kuanzia modeli ya 2005, STI ikapewa habu imara zaidi na duara la milimita 114.3. WRX ya kawaida ikabaki na 100 mpaka ilipokuja modeli ya 2015. Kwa hiyo magari mawili yanayofanana sura, yaliyoshuka bandarini siku moja kutoka Japani, huenda yasivae spesa moja. Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi, maana modeli mpya huanza kutoka kiwandani kabla mwaka wake haujafika. Vua tairi, chukua rula, pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya stadi ya jirani. Ukipata kama milimita 59, duara lako ni la 100. Ukipata 67, ni la 114.3.

Kisha tazama tundu la katikati. Habu ya Subaru ina kipenyo cha milimita 56.1, na spesa nzuri hukaa juu yake bila kucheza. Hapa ndipo Toyota zinapotuponza, kwa kuwa ndizo zimejaa mjini na spea zake ndizo zimejaa madukani. Spesa ya Toyota yenye duara la 114.3 ina tundu la 60.1. Itaingia kwenye STI, stadi zitapita, na mwenye gari ataondoka akiwa ameridhika. Akifika kilomita 100 kwa saa usukani unaanza kutetema, anapeleka gari kwenye balansi, anarudi, unatetema vilevile.

Baya zaidi ni uzi. Stadi ya Subaru ina unene wa milimita 12, na uzi wake unapanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Ya Toyota ina unene uleule, lakini uzi ni 1.5. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Subaru huanza kuingia kwa mkono, mzunguko mmoja au miwili, halafu inagoma. Fundi mwenye haraka huchukua mashine ya upepo na kuilazimisha. Inakaza kweli, lakini uzi umeshakatwa, na aliyeketi kwenye usukani hana njia ya kuliona hilo.

Kuna spesa nyembamba zinazopachikwa tu, zikitegemea stadi zilezile za gari. Nati inatakiwa ile uzi walau sawa na unene wa stadi, yaani milimita 12, ambayo kwa Subaru ni mizunguko kama kumi. Spesa ya milimita 5 inakula minne. Hesabu mizunguko kwa mkono kabla ya kuiweka, uhesabu tena baada ya kuiweka. Ikipungua kumi, badilisha stadi uweke ndefu, au achana na spesa. Zile nene, za milimita 20 na kuendelea, zina stadi zake zenyewe na hufungwa kwenye habu kwanza. Za 15 ndizo zinazohitaji jicho kali: stadi za gari zinaweza kuchungulia juu ya uso wa spesa, na kama rimu haina mashimo ya kuzipokea mgongoni, haitalala sawasawa.

WRX nyingi za kawaida zina madigadi finyu kuliko STI pana iliyokuja na modeli ya 2008. Unene wa spesa unaoipendeza STI hiyo utafanya tairi za WRX zikwaruze siku utakapopakia watu wanne na kupita kwenye matuta. Na kila milimita unayoisukuma tairi nje inaongeza mzigo kwenye beringi, na kwa tairi za mbele usukani huvutwa zaidi upande mmoja unapoingia shimoni. Mimi kwenye WRX sipiti 5 mbele.

Wapo pia wanaofunga adapta za kutoka 100 kwenda 114.3 ili WRX ivae rimu za STI. Siziungi mkono. Rimu nzuri za duara la 100 zenye ofseti ndogo zinapatikana, na zinakupa mwonekano uleule bila kipande cha ziada katikati.

Ujerumani spesa huuzwa na karatasi zake, na gari hukaguliwa na TÜV au taasisi ya aina hiyo. Sisi tuanze na dogo: muuzaji asiuze spesa isiyochongwa unene, duara na tundu lake ubavuni. Na trafiki anayeinama kukagua kashata za tairi aangalie pia nati zimekula uzi kiasi gani, kwa sababu tairi likichomoka linamfuata mtu aliyesimama kituoni akingoja daladala.

Ukishafunga, kaza kwa spana ya toki, si kwa mashine. Baada ya kilomita 100 rudi gereji zikazwe tena, spesa kwanza, nati za rimu baadaye. Fundi akikwambia haina haja, muombe spana ukaze mwenyewe.