Waraka kwa Ndugu wa Meza: Ukurasa wa Mwenzio ni Amana

Ndugu zangu wapendwa, kaka na dada wa meza yetu ya kusomeana skripti za filamu, nawaandikia nyote mlioko Dar es Salaam, na ninyi mliotawanyika Tanga, Mwanza na Unguja ambao waraka huu utawafikia kwa mkono wa mtu. Sikuzoea kuwaandikia. Tulizoea kuonana Jumamosi, tukasemezana uso kwa uso, na lililomkera mtu likaisha kabla birika la chai halijapoa. Lakini Jumamosi hizi tatu tumehudhuria watu wanne, kisha watatu, na ya mwisho tulikuwa wawili pamoja na yule kijana anayetutolea nakala. Moyo wangu umeingia simanzi, na nimeona nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki.

Wengi mmelisikia lililotokea kwa kupokezana, kwa hiyo niruhusuni nilieleze nilivyolishuhudia. Mwaka jana mdogo wetu mmoja, binti wa Mbagala, alileta mezani hadithi ya mama muuza mihogo. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na kurasa 96, na ninyi mnajua kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Nusu ya dakika zile watu walikuwa wameketi wanazungumza tu. Tukamwambia kwa upole, punguza maneno, tuonyeshe. Alikwenda akakaa wiki mbili. Akarudi na tukio lisilo na neno hata moja: mama yuko kitandani usiku, anafungua fundo la pindo la kanga kwa meno, anahesabu sarafu, anazigawa mafungu mawili, ada ya mtoto na mtaji wa kesho. Kisha anachukua sarafu moja kutoka fungu la mtaji, anaishika kitambo, anaihamishia kwenye ada. Tulipomaliza kusoma hakuna aliyefungua kinywa. Mzee wetu mmoja alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Fundo lile, kwa meno yale yale, binti yule alikuja kuliona kwenye tamthilia ya runinga, sebuleni kwa jirani, watoto wakiwa wamejipanga mkekani. Sarafu ilihamishwa vilevile. Jina lake halikuwamo. Aliyeipeleka hadithi ile kwa mtayarishaji ni mwenzetu, aliyekuwa amekaa viti vitatu kutoka kwake na kuinywa chai ile ile. Sitamtaja hapa, na ninawasihi ninyi mnaomjua msimtaje vijiweni.

Ndugu zangu, tukumbushane meza hii ilitoka wapi, maana tumeikuta imekwisha kuwekwa. Mwaka 1981 Robert Redford alianzisha taasisi ya Sundance katika jimbo la Utah, Marekani, ili waandishi wenye miswada isiyokomaa wakae milimani na wakongwe wa kazi hii wanaowasomea bila kuwatoza kitu. Hapo ndipo mwaka 1991 Quentin Tarantino alipofanyia mazoezi ya Reservoir Dogs kabla ya kuipiga picha. Mwaka 2004 Mira Nair akaanzisha Maisha Film Lab kule Kampala, taasisi isiyotafuta faida, ili kijana wa Uganda, Kenya, Tanzania au Rwanda ajifunze kuandika filamu karibu na kwao. Nairobi nako, kampuni ya One Fine Day Films ilitupatia Soul Boy ya mwaka 2010, iliyoandikwa na Billy Kahora na kupigwa Kibera, na miaka miwili baadaye Nairobi Half Life, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar. Hao wote walianza kama sisi tunavyoanza, mtu anamsomea mwenzake kurasa ambazo bado zinamtia aibu.

Sisi tulikuwa na sababu yetu ya ziada. Tuliokuwepo enzi zile filamu za Bongo zilipojaa maduka ya Kariakoo tunakumbuka ngapi zilipigwa bila muswada kamili. Mwigizaji alipewa kisa asubuhi, maneno akajitafutia mwenyewe mbele ya kamera. Vipaji vilikuwepo, tena vikubwa, na watazamaji walitupenda. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na hadithi mpaka iive. Ndiyo maana meza hii haitozi ada. Ndiyo maana wakongwe wetu wanakuja kwa nauli yao, na mchango mdogo tunaoupata unaishia kwenye karatasi, nakala, na safari ya mwenzetu wa mkoani anayekuja kukaa nasi siku tano. Mtu huanza na sentensi moja inayobeba hadithi nzima, tunamrudisha nayo mara nne au tano kabla hajaruhusiwa kuandika muhtasari, na rasimu huja mwisho kabisa. Kazi hiyo ni ya polepole, na haiwezi kufanyika gizani.

Sasa wengine mmeniuliza, kwa nini tusiwe na ulinzi wa sheria? Tunao, na ninawahimiza muutumie. Wekeni tarehe na jina katika kila nakala, hesabuni nakala zinapotoka na zinaporudi, na sajilini kazi zenu katika ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Lakini tusidanganyane. Sheria ya hakimiliki inalinda kile kilichokwisha kupewa umbo. Wazo tupu haililindi, wala lile neno ulilolitamka ukiwa bado unalitafuta. Na sehemu kubwa ya kazi yetu mezani ni maneno ya namna hiyo. Mtu anasema, vipi kama sarafu ingehamishwa? Neno hilo halina muhuri wala shahidi zaidi yetu sisi tuliolisikia. Tukiligeuza bidhaa, hakuna wakili wa kuturudishia.

Hata hivyo wizi ule siyo unaoniumiza zaidi. Linaloniumiza zaidi ni lililofuata. Wengine mmeacha kuja. Wengine mnakuja mikono mitupu, mnasikiliza za wenzenu na zenu mmezifungia kwenye simu. Na wale wachache wanaoleta kurasa wanaambiwa ni nzuri, hongera, endelea, kwa sababu anayesoma hataki kutoa wazo zuri litakalomnufaisha mtu asiyemwamini tena. Ndugu zangu, mwizi alichukua hadithi moja. Sisi kwa kujifungia tunawanyima waandishi wote wanaotufuata wasomaji wao, na pongezi zisizo za kweli zinamwacha kijana na rasimu mbovu mkononi akidhani imeiva.

Kwako wewe uliyechukua, nakuandikia kama kaka yako mkubwa. Ulikuwa na kipaji chako. Niliwahi kusoma tukio lako la kivuko cha Kigamboni na nikalala nikiliwaza. Shida ya pesa naijua, na najua mtayarishaji anavyoharakisha. Mlango wangu uko wazi usiku na mchana. Njoo tuzungumze namna jina la binti yule litakavyorudishwa pale linapostahili kukaa, na malipo yake nayo. Ukija, utanikuta peke yangu.

Na kwenu nyote: Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, pale pale chini ya mwembe. Nimezungumza na binti wa Mbagala. Hakuniahidi kuja, na sikumshurutisha. Aliniuliza tu kama kiti chake bado kipo, nikamjibu kipo. Safari hii sitamwomba yeyote atangulie kuweka kurasa zake. Nitaweka zangu, kurasa 12 za hadithi ambayo nimeificha miaka sita kwa kuogopa kwamba haifai. Nakala saba ziko tayari, zina tarehe. Njooni na kalamu nyekundu, na msinihurumie.

Wenu katika kazi na udugu,
Mwenyekiti