Mwacheni Msomaji Atuze

Kuna kauli ambayo baadhi ya wahakiki wetu hawachoki kuirudia: kwamba hadithi za washabiki si fasihi, na kwamba wale wanaozisoma na kuwashukuru waandishi wake wanatukuza takataka. Kauli hii haina msingi, na ubaya wake ni kuwa inaua kitu ambacho fasihi yetu inakihitaji mno.

Hadithi ya mshabiki ni ile anayoiandika msomaji kwa mapenzi, bila ya malipo, akawachukua wahusika wa mwandishi mwengine na kuwafikisha pale ambapo mwenyewe hakuwafikisha. Zinazobezwa zaidi ni zile za mapenzi baina ya asiyekufa na mwenye kufa. Tunaambiwa hizo ni ndoto za vijana.

Basi na tuwatazame wakubwa. Wagiriki wa kale walisimulia kuwa Eos, mungu wa kike wa alfajiri, alimpenda mwanadamu aitwaye Tithonus. Akamwombea uhai wa milele, akasahau kumwombea ujana. Tithonus akazeeka asife, hata akafungiwa chumbani. Katika utenzi wao wa kale kisa hiki husimuliwa na mwengine, Tithonus hajielezi. Mwaka 1860 Tennyson, mshairi wa Uingereza, alichapisha shairi ambamo Tithonus anasema kwa kinywa chake mwenyewe. Alimchukua mhusika asiye wake, akaziba pengo. Yeye hatumwiti mwizi, twamwita bingwa. Mshabiki wa leo amekosa nini, ila cheo?

Au tumtazame Tolkien. Katika The Lord of the Rings, kilichotoka baina ya 1954 na 1955, Arwen anauacha uhai usio mwisho kwa ajili ya Aragorn. Kisa chao kamili kimewekwa katika nyongeza, mwishoni mwa juzuu ya tatu. Waliishi pamoja miaka 120, nayo imepita kwa maneno machache. Kisha mume anakufa, na mke anakwenda kufia peke yake katika msitu uliohamwa. Je, katika miaka hiyo aliwahi kujuta? Aliuonaje unywele wa kwanza mweupe kichwani mwa mumewe? Msomaji anayeuliza hivyo hafanyi mchezo. Kila wapendanao wawili, mmoja atatangulia na mmoja atabaki. Asiyekufa ni sura ya huyo atakayebaki. Ndiyo maana mjane na yatima huzisoma hadithi hizi, na wakishukuru, shukrani yao ni ushahidi wa maisha.

Wala jambo hili si geni kwetu. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, alichota kisa kutoka Alfu Lela Ulela akakifanya chake. Humo mna Huria, jini anayelipa wema wa Adili kwa kumwokoa na kuwageuza nduguze manyani. Majini nao hufa, lakini umri wao si umri wetu. Nani atatuandikia Huria akimtazama Adili anavyozeeka? Kijana wa visiwani akijaribu, tutampokea au tutamcheka?

Wapinzani wana methali yao: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nakubali kuwa sifa tupu humwumiza mwandishi. Anayesema "hongera, endelea" kwa kila kurasa hajasema kitu. Lakini methali si moja. Wahenga walisema pia kwamba mcheza kwao hutuzwa. Katika taarabu msikilizaji huinuka akamtuza mwimbaji pale pale ubeti ulipomchoma, na ukumbi mzima ukajua ni neno gani lililomgusa. Hiyo ndiyo shukrani ninayoitetea: inayotaja mahali. Msomaji anayemwambia mwandishi, "hapa uliponyamaza ndipo nilipolia," amefanya uhakiki, hata kama hajui neno hilo.

Mwaka 2019 maktaba ya hadithi za washabiki iitwayo Archive of Our Own, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, ilipewa tuzo ya Hugo. Tuzo hiyo hupigiwa kura na wapenzi wa fasihi ya kubuni wenyewe, si na jopo la mabingwa. Wasomaji walituza, nao walijua wanachokituza.

Sisi tunalalamika kila siku kuwa vijana hawaandiki Kiswahili. Vijana huandika panapo mtu wa kuwasoma na kuwajibu. Mhakiki anayetaka hadithi bora zaidi na aanze yeye kuzisoma, ataje panapochoma na panapolegea. Akishindwa hilo, basi asimzuie msomaji aliyekwisha kuinuka kutuza.