Kwani aliyeokoka halii?

Msiba wenyewe huanza wakati watu wameshaondoka. Kabla ya hapo nyumba imejaa. Kamati ya mazishi hukutana kila jioni, wanakwaya huimba, akina mama hupika chai, na kikundi cha WhatsApp hakinyamazi kwa majina ya waliochanga. Kisha mwili husafirishwa mashambani, maziko hufanyika, hesabu ya pesa husomwa na kila mtu hurejea kazini. Mjane naye hurudi mtaani na watoto, akafungua mlango, akaona makoti ya marehemu bado yananing'inia pale pale.

Mama mmoja aliyefikwa na hayo alinieleza jambo ambalo lilinikera sana. Jumapili ya tatu baada ya kumzika mumewe alikwenda kanisani. Wimbo ulipoanza machozi yakamtoka. Mwenzake aliyeketi kando, mtu wa miaka mingi katika imani, akamgusa bega na kumnong'oneza: "Dada, wewe umeokoka. Ukilia hivi watu watasema huna tumaini." Tangu siku hiyo mama huyu akawa analilia bafuni, mfereji ukiwa wazi ili watoto wasimsikie.

Ajabu ni kwamba wimbo uliokuwa ukiimbwa ni "Salama Rohoni". Laiti yule mwenzake angalijua ulikotoka!

Mtunzi wake, Horatio Spafford, alikuwa wakili mjini Chicago, Marekani. Moto mkubwa wa Oktoba 1871 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji huo ulimtia hasara. Mnamo Novemba 1873, mkewe Anna na binti zao wanne walipanda meli iliyoitwa Ville du Havre kwenda Ulaya. Yeye alibaki nyuma kwa sababu ya shughuli zake. Usiku wa Novemba 22 meli hiyo iligongana na nyingine katika bahari ya Atlantiki, ikazama kwa muda wa dakika 12 hivi. Watu 226 waliangamia, wakiwemo wasichana wote wanne. Anna aliopolewa majini, na alipofika Cardiff akampelekea mumewe telegramu kumwarifu kwamba ni yeye pekee aliyenusurika. Msiba huo ndio uliozaa wimbo, na Philip Bliss aliyeutilia sauti mwaka wa 1876 aliipa sauti hiyo jina la meli iliyozama.

Wahubiri wengi huishia hapo, nami nina ugomvi nao kidogo. Husimulia kana kwamba Spafford aliandika, akaimba, akafuta machozi, yakaisha. Hayakuisha. Mwaka wa 1880 mtoto wao wa kiume, aliyezaliwa baada ya ajali ile, naye alifariki kwa homa. Mwaka uliofuata wazazi hao walihamia Yerusalemu pamoja na marafiki wachache, wakaishi huko wakiwasaidia maskini. Spafford alifia huko mwaka wa 1888. Anna aliishi hadi 1923, miaka 50 baada ya kuwapoteza binti zake. Je, wewe unadhani katika miaka hiyo yote hakulia tena?

Hata Yesu alilia alipofika kwa kina Lazaro, ilhali alijua fika kwamba atamfufua. Wana wa Israeli walimlilia Musa siku 30. Marafiki wa Ayubu nao waliketi naye chini siku saba kimya, na walifanya vyema kabisa hadi walipofungua vinywa! Yale ya tumaini aliyoyanong'ona yule dada yametoka katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike. Lakini Paulo hakuwakataza watu kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama wasio na tumaini, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Nilimwambia mama yule afunge mfereji. Nilimwomba pia asome Zaburi moja kila usiku kwa sauti, watoto wakisikia, bila kuruka zile za manung'uniko. Zaburi ya 88 yaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado ni maombi. Usiku wa nne alishindwa kuendelea kusoma, akalia mbele yao. Kifungua mimba wake, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni na siku hizo alikuwa likizoni, ndipo alipomwambia kuwa yeye pia hulilia chooni shuleni, kwa kuwa alidhani mamake ameshapoa na hakutaka kumrudisha nyuma.

Kumbe walikuwa wakifichana!

Nawe jirani, ikiwa wewe ndiwe mgusa bega, nenda kwa mfiwa siku ya Jumatano, wakati hakuna kamati. Beba mkate na maziwa. Mtaje marehemu kwa jina lake, kisha nyamaza usikilize.

Makoti yale mama bado hajayaondoa, wala simharakishi. Moja tu amempa kijana wake. Mikono ya koti inampita vidole, lakini alilivaa kanisani Jumapili iliyopita, akaketi kando ya mamake, na walipoimba walilia wote wawili hadi ubeti wa mwisho.