HUYO SI MAMA WA NYUMBANI (Sehemu ya 4)

Leo naomba mnivumilie. Nitawachokoza, ila nitaanza kujichokoza mwenyewe.

Wiki hii nilipokea bibi mmoja wodini. Amepooza upande wa kulia, presha 190 kwa 110. Ulimi ulikuwa mzito ila akili ipo. Nikawa namjazia faili: jina, umri, kijiji. Nikafika kwenye kazi.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

"Sina kazi mwanangu. Nipo tu nyumbani."

Binti yake akadakia, "Andika mama wa nyumbani nesi." Na mimi kalamu ilishaandika kabla hajamaliza. Ndipo nikaushika ule mkono wake uliolegea ili nimtafutie mshipa. Kiganja kimeota sugu kama soli ya kandambili. Kwenye kucha udongo wa shamba bado upo.

Jamani, tangu lini udongo wa shamba ukaingia kwenye kucha za mtu asiye na kazi?

Mimi nimezaliwa Mbozi, kwa wakulima wa mahindi, maharage na kahawa. Najua ninachosema. Mama wa kijijini kwetu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakoka moto, anafuata maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, na haendi mara moja. Mvua za Novemba zikianza, analima na kupanda. Januari yuko kwenye palizi, kainama kutwa nzima. Mei na Juni anavuna, anabeba, anapukuchua, anaanika, na kahawa nayo inamsubiri. Jioni wote wamechoka, lakini anayeingia jikoni ni yeye. Na mgongoni kuna mtoto. Mtoto wa nani? Wako wewe wa mjini.

Halafu kahawa ikipelekwa AMCOS, mara nyingi jina la kwenye daftari ni la babu. Hela anapokea babu. Bibi "yupo tu nyumbani".

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwenye kesi ya Bi. Hawa Mohamed, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Hapo tunazungumzia kupika, kufua na kulea. Sembuse huyu aliyelima shamba lenyewe! Mahakama ilishaona zamani, sisi watoto aliotusomesha kwa jembe hilohilo bado hatujaona.

Najua mtaniambia, "Nesi, kulea wajukuu ni mila yetu, na bibi mwenyewe anapenda." Ni kweli anapenda. Lakini umewahi kumuuliza kama ANAWEZA? Mama yako hawezi kukwambia hapana, na wewe unalijua hilo. Tena mila hiyohiyo ilikuwa na upande wa pili: bibi akilea mjukuu, vijana wa nyumba wanalima, mabinti wanachota maji, yeye anakaa kivulini na mtoto. Sisi tumehamia mjini na mikono yetu yote, tukamwachia shamba, maji, kuni, halafu tukamuongezea mtoto. Hiyo si mila. Huo ni mzigo tumeupa jina zuri.

Sasa zamu yangu. Mwanangu alipoacha ziwa nilimpeleka kwa mama. Nilijisemea atapata maziwa freshi na hewa nzuri. Nikawa natuma elfu thelathini kila mwezi, najiona mtoto mwema kweli. Siku moja nikaenda kusalimia, nikafungua kabati natafuta chumvi. Nikakuta dawa za presha zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikazihesabu. Dawa za mwezi mmoja zilikuwa zimekaa miezi mitatu.

"Nakunywa kichwa kikiuma tu mwanangu. Na siku ya kliniki nikienda, mtoto namwachia nani?"

Mimi muuguzi! Mimi ninayesimama kliniki kila wiki nikiwaambia watu presha haisubiri kichwa kuuma, inaua kimya, dawa ni kila siku. Nilikaa chini pale jikoni nikakosa la kusema. Elfu thelathini yangu ilikuwa inakwenda kwenye maziwa ya mtoto wangu, na mama alikuwa analipia kwa mishipa yake ya damu.

Lingine hili tunalionea aibu, ila mimi ni nesi, nalisema. Kizazi kushuka. Wapo bibi zetu wanatembea na hali hiyo miaka na miaka, wanajifunga kitambaa, wanaendelea kulima. Uzazi wa mara nyingi na kubeba mizigo mizito vinachangia. Tiba ipo: kuna pete maalumu ya kushikilia kizazi, na kuna upasuaji. Tatizo, tukishamfanyia upasuaji tunamwambia asinyanyue kitu kizito kwa wiki kadhaa. Akifika nyumbani, ndoo inamsubiri, na mjukuu ananyoosha mikono abebwe.

Kwa hiyo sikuombi umposti Siku ya Mama Duniani. Siku hiyo ni Mei, yeye yuko shambani, hata hataiona. Fanya haya:

1. Mpeleke apimwe presha na sukari. Ikisoma kuanzia 140 kwa 90, asiachwe arudi tu nyumbani, arudiwe kupimwa na aonwe na daktari. Kama ana dawa, zihesabu kwa mkono wako. Usimuulize "unakunywa?" Atakwambia ndiyo.
2. Muulize faraghani kuhusu kizazi, mgongo na macho. Binti ndiye anayeweza kuuliza, kaka yako hawezi.
3. Msimu wa palizi na mavuno, tuma hela ya vibarua. Iwe mbali na hela ya mtoto.
4. Kama ana miaka 60 na kuendelea na hana uwezo, kaulizie msamaha wa matibabu ya wazee ofisi ya kijiji na ustawi wa jamii hospitalini.
5. Mtoto ukimpeleka, panga kabisa nani atamshika siku ya kliniki ya bibi. Ukikosa jibu, mtoto abaki na wewe. Mimi wangu nilimrudisha. Naishi kwa kubanana, dada wa kazi ananisumbua, ila mama anakunywa dawa.

Yule binti wa wodini, nilipomaliza kujaza faili, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Nesi, mama ataruhusiwa lini? Maana mtoto nimemwacha kwa jirani."

Sikumjibu vibaya. Ningemjibuje, wakati na mimi nilikuwa yeye? Nilichukua faili, nikakata pale nilipoandika "mama wa nyumbani", nikaandika MKULIMA. Nikamsomea bibi. Akanitazama muda mrefu, akatabasamu na upande mmoja wa mdomo.

Leo usiku kabla hujalala, mpigie mama yako. Mtoto umuulizie mwishoni.