Shule, Zizi na Uangalifu

Mara kwa mara husikika mabishano kati ya wazee na vijana juu ya faida ya shule. Mzee husema kwamba kijana aliyekaa darasani miaka kumi na miwili hawezi kumtambua ng'ombe mgonjwa mpaka amwone ameanguka. Kijana naye hujibu kwamba mzee hawezi kusoma hata maandishi yaliyo juu ya chupa ya dawa. Kwa desturi mabishano hayo huishia katika dhihaka, maana kila mmoja hutaja alichonacho na kunyamaza juu ya kile asichonacho. Walakini iko sehemu moja ya Kenya ambapo jambo hilo lilipimwa kwa uhai wa watu na wa mifugo. Sehemu hiyo ni Ijara, kusini ya Garissa, ambayo mji wake mkubwa ni Masalani, karibu na mto Tana.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2006 mvua ilinyesha huko kupita kadiri. Udongo wa sehemu hizo ni mzito, haupitishi maji upesi, na nchi ni tambarare. Kwa hiyo maji yalituama kila mahali na njia nyingi zikakatika. Wafugaji wa Kisomali waliokuwa na makundi yao malishoni waliona mambo matatu, moja baada ya jingine. Kwanza, mvua yenyewe haikuwa ya kawaida. Pili, mbu walitokea kwa wingi ambao mifugo haikuweza kuustahimili. Tatu, kondoo na mbuzi walianza kutupa mimba, watoto wao wakafa, na wanyama wengine wakatokwa na damu puani. Wazee hawakuhitaji kuuliza ni ugonjwa gani. Katika lugha yao unaitwa sandik, maana yake damu ya pua, nao walikuwa wameuona miaka tisa kabla ya hapo, wakati wa mvua kubwa za 1997 na 1998. Mara ile wataalamu walikisia kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Vitabuni ugonjwa huo huitwa Homa ya Bonde la Ufa.

Maradhi yalipokwisha kutulia, watafiti wa mifugo walikwenda Ijara wakakaa na wafugaji hao, wakawauliza habari zote kwa taratibu: mvua ilianza lini, mbu walionekana lini, mnyama wa kwanza aliugua lini, na mtu wa kwanza lini. Majibu yao yalilinganishwa na kuchapishwa mwaka 2010. Ilionekana kwamba tangu mvua kubwa kuanza mpaka mbu kutokea zilipita siku 23 hivi kwa wastani. Tangu mbu kutokea mpaka mnyama wa kwanza kuugua, siku 17 hivi. Na tangu hapo mpaka mtu wa kwanza kuugua, siku 17 nyingine au 18. Yaani wafugaji wasiojua kusoma walikuwa na karibu miezi miwili ya dalili zilizofuatana kwa mpango, na walizitambua muda mrefu kabla ya wakuu wa mifugo na wa afya kuanza kazi yao huko.

Si kweli, hata hivyo, kwamba wasomi wote walikuwa wamelala. Wachunguzi wa hali ya hewa, kwa kutumia vyombo vinavyozunguka juu angani, walikuwa wameona bahari ikipata joto kuliko kawaida, wakatoa onyo kabla ya maradhi kuzuka kwamba Afrika ya Mashariki ijihadhari. Basi walikuwako watu wawili waliojua: mtaalamu wa mbali aliyetazama bahari, na mchungaji wa Ijara aliyetazama pua ya kondoo wake. Kati yao palikuwa na safu ndefu ya watu wenye vyeti, makarani, maofisa na wakuu wa idara, na habari haikupita kwa wakati, ya kushuka wala ya kupanda. Watu walianza kuugua mwishoni mwa Novemba, na maabara ikathibitisha ugonjwa katika mwezi wa Desemba. Kufikia Machi 2007 wagonjwa 684 walikuwa wameandikwa katika Kenya, na waliokufa walizidi 150. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa na wagonjwa wengi kuliko mikoa mingine.

Hapo wapenda dhihaka watasema: kumbe shule haina faida. La, wasiharakishe. Mchungaji aliujua ugonjwa kwa jina na kwa dalili, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo macho hayawezi kuliona. Mnyama anapokaribia kufa, mfugaji huwahi kumchinja ili nyama isipotee. Na kondoo akishindwa kutoa mtoto aliyefia tumboni, mtu humsaidia kwa mikono mitupu. Ni desturi za watu wasiopenda hasara na wenye huruma kwa mifugo yao. Lakini ugonjwa huu umo ndani ya damu na maji ya uzazi, na kwa njia hiyo humwingia mtu kwa urahisi zaidi pengine kuliko kwa kuumwa na mbu. Hayo yalijulikana kwa uchunguzi wa vitabu na darubini. Ugonjwa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na ziwa Naivasha katika mwaka 1930, kwa kondoo wa shamba moja, na baadhi ya wachunguzi wenyewe waliugua kwa kushika mizoga. Ni uchunguzi pia uliofunua kwamba mayai ya mbu wa namna hii hukaa udongoni miaka mingi, makavu, yakingojea mafuriko, na kwamba mbu anayezaliwa humo huweza kuwa na ugonjwa tangu yai. Hakuna mzee, hata awe na akili namna gani, ambaye angelijua hilo kwa kutazama.

Sasa na atazamwe upande wa pili yule aliyesoma. Ipo chanjo ya ugonjwa huu, nayo ni ya zamani. Lakini chanjo hiyo ya zamani huweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Na tena, maradhi yakiwa yamekwisha kuingia katika kundi, sindano moja ikipitishwa kwa mnyama huyu na yule huchukua damu ya mgonjwa na kuitia katika mzima. Mambo hayo mawili hufundishwa katika vyuo. Mwanafunzi huyaandika katika daftari lake, na siku ya mtihani huyajibu vema. Tumfikirie basi kijana wa namna hiyo amesimama juani mbele ya mbuzi mia tatu, jua limepanda, gari linamngoja, na sindano alizopewa hazitoshi. Wakati huo cheti kiko nyumbani ukutani, na kinachotakiwa ni mtu wa kuamua kusimamisha kazi, kurudi ofisini na kusema waziwazi kwamba sindano hazitoshi, ijapokuwa mkubwa wake atakasirika.

Uamuzi huo hujifunzwa wapi? Mtoto wa mfugaji hupewa wana-mbuzi wachache awalinde akiwa bado na miaka sita au saba. Jioni huhesabiwa. Akipotea mmoja, nyumba nzima itajua, na kesho yake mtoto atarudi porini kumtafuta. Shuleni, mwanafunzi akikosea hesabu hupigiwa mkasi wa wino mwekundu, na hapana kiumbe kinachokufa. Hii si lawama kwa waalimu, maana mwalimu mwenye watoto sitini darasani amekwisha fanya kazi kubwa akiwafundisha kusoma. Lakini mtu hawi mwangalifu kwa kuambiwa habari za uangalifu. Huwa hivyo kwa kukabidhiwa kitu ambacho kitaharibika akikipuuza.

Wakuu wa elimu wameliona tatizo hili zamani. Mwaka 1985 Kenya ilipoanzisha mpango wa 8-4-4, nia ilikuwa ni mwanafunzi ajue kilimo, useremala na kazi za nyumbani pamoja na kusoma. Lakini masomo hayo nayo yaliingizwa katika mtihani, na jembe likawa jibu la kuchagua kati ya A, B, C na D. Mtoto aliweza kupasi kilimo bila ya kupanda hata mche mmoja. Baadaye mzigo wa masomo ulipopunguzwa, sehemu kubwa ya kazi za mikono ilitolewa. Tangu 2017 ulianza kujaribiwa mtaala mpya unaotazama umahiri wa mwanafunzi, na wazazi wengi wamekwisha lalamika kwamba kazi za kutengeneza vitu huwarudia wao usiku.

Kwa watu wa Ijara iko hasara nyingine isiyosemwa sana. Miaka ambayo mtoto hukaa bweni ndiyo miaka ambayo angelijifunza kwa babu yake kusoma nyayo, mawingu na makohozi ya ngamia. Akirudi likizo, huambiwa apumzike kwa kuwa yeye ni msomi. Hivyo huja akapata cheti bila ya kupata yale ya babu, na babu hufa nayo. Lakini haigharimu kitu kwa shule ya Masalani kuwa na daftari moja la mvua, mbu na wanyama waliotupa mimba, liandikwe na watoto kila juma kwa kuwauliza wazee wao majumbani. Mtoto angejua kwamba anachokiandika kinangojewa na daktari wa mifugo, na babu angejua kwamba anachokisema hakiishii hewani. Daftari hilo likifika ofisini, karani naye asilitie chini ya mafaili mengine, kwani safu ile ya mwaka 2006 ilikuwa na makarani pia.

Hofu ya wafugaji nayo haina budi kutajwa. Habari ya ugonjwa ikitangazwa, minada hufungwa na machinjio huzuiwa, kama ilivyofanyika Garissa wakati ule, na mtu ambaye mali yake yote ni mifugo hukosa hata fedha ya unga. Mwenye kunyamaza anajua hesabu yake vizuri. Mkuu anayetaka kuambiwa mapema, basi, afikirie kwanza unga huo utatoka wapi.

Mwaka 2018 homa hiyo ilirudi, mara hii katika kaunti ya Wajir. Miongoni mwa wagonjwa wa kwanza alikuwako mtu aliyekula nyama ya mnyama aliyekuwa mgonjwa.